UZI: Trøndelag, mkoa wa Norwei uliopewa jina la sheria

MzeeWaRamani (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Kwenye uzi wa majina ya mikoa ya Ulaya kuna mchangiaji aliandika kuwa Trøndelag, mkoa ulio katikati ya Norwei, maana yake ni "timu ya Trond". Wengi wameipokea hivyohivyo na kupita. Ni kweli, ukifungua kamusi ya Kinorwei cha leo utakuta lag ni timu, na ni tabaka pia, kama tabaka la udongo. Lakini jina hili halikuzaliwa leo, na maana yake ya asili ni nzito kiasi kwamba inaniuma kuona inapotea namna hiyo. Ndiyo maana nimelifungulia uzi wake.

Kwa mwenye haraka: Trøndelag ni eneo la watu waliokuwa chini ya sheria moja, sheria ya Watrønder. Mkoa haukupewa jina la mlima wala la mto, na wala si jina la mfalme. Umepewa jina la sheria.

Sasa tuingie ndani.

Katika Kinorse cha kale, lugha ya Skandinavia ya magharibi enzi za Waviking na baada yake, jina linaandikwa Þrœndalǫg. Hiyo herufi ya kwanza isiwatishe. Ni "th" yetu ya thamani na thelathini. Wanorwei waliipoteza sauti hiyo zamani ikawa t tupu. Watu wa Iceland wanayo hadi leo. Kwa hiyo mwanzo wa jina hili la kale Mswahili anautamka bila taabu, na Mnorwei wa leo mpaka afundishwe.

Jina lina vipande viwili. Cha kwanza ni Þrœnda, yaani "ya Watrønder", umbo la kumiliki katika wingi. Cha pili ni lǫg, "sheria". Hilo lǫg lenyewe ni wingi wa lag, na lag linatokana na kitenzi leggja, kulaza au kuweka kitu chini. Sheria ni mambo yaliyokwisha kuwekwa. Hapo mnaona kwa nini lag ya leo ina maana ya tabaka: tabaka ni kitu kilicholazwa juu ya kingine. Na watu waliojiwekea utaratibu wa pamoja nao wakaja kuitwa lag, ndiyo hiyo timu. Maana zote ni za ukoo mmoja, ila katika jina la mkoa iliyotumika ni ya sheria.

Jambo la kushika hapa: kwa watu wale lǫg haikuishia kwenye maneno ya sheria. Ilikuwa pia eneo ambamo sheria hiyo inafuatwa, pamoja na watu wenyewe wanaoifuata. Kuwa "ndani ya sheria" fulani ilikuwa ni kuwa raia wa mahali. Mfano wa pili uko Uingereza. Sehemu ya mashariki na kaskazini iliyotawaliwa na Wadenmark iliitwa Danelaw, sheria ya Wadenmark. Ni mtindo uleule wa Trøndelag: jina la watu, kisha sheria, na vyote viwili vinakuwa jina la nchi. Hata neno law ambalo Waingereza wanalitumia kila siku walilipata kwa hao Wanorse.

Naendelea baadaye kidogo na hao Watrønder ni akina nani. Karibuni.

---

Bahari_Kuu

Mkuu, nimekusoma vizuri sana. Swali langu dogo: mji mkubwa wa huko ni Trondheim, una "o". Mkoa ni Trøndelag, una hiyo "ø". Kama watu ni walewale, mbona herufi zimepishana? Au ni mizizi miwili tofauti?

---

MzeeWaRamani

Bahari_Kuu, umegusa penyewe.

Mzizi ni mmoja. Mtu mmoja wa huko aliitwa Þróndr. Wakiwa wengi ni Þrœndir. Tazama ile "i" ya wingi mwishoni. Katika lugha za Kigermaniki za kaskazini, "i" ya silabi inayofuata ilikuwa inaivuta irabu iliyo nyuma yake isogee mbele ya mdomo. "o" ikavutwa ikawa "œ", ambayo leo wanaiandika ø. Kisha sauti hiyo ikashika katika wingi wote, hata kwenye umbo la kumiliki, Þrœnda, ambalo halina "i".

Sisi tuna kitu cha jamaa hiyo, ila kwetu kinakwenda upande wa pili. Pika inazaa pikia, lakini soma inazaa somea. Kwetu irabu ya shina ndiyo inayoamua irabu ya kiambishi. Kwao irabu ya kiambishi ilirudi kulibadilisha shina.

Trondheim haikupata "i" hiyo. Ni Þróndheimr, Þrónd na heimr, yaani makao, nyumbani. Basi "o" ikabaki salama. Ndiyo maana hadi leo mtu wa huko anaitwa trønder, kwa ø, na jina la kiume Trond, ambalo ni la kawaida sana Norwei, lina o.

Na kuna jambo ambalo hata Wanorwei wengi hulisahau. Þróndheimr mwanzoni halikuwa jina la mji. Lilikuwa jina la nchi yote inayozunguka ule mkono mrefu wa bahari, Trondheimsfjord, unaoingia bara kama kilomita 130. Makao ya Watrønder. Mji wenyewe, ambao simulizi zinasema ulianzishwa na mfalme Olav Tryggvason mwaka 997, uliitwa Niðaróss, mlango wa mto Nid. Au waliuita Kaupangr tu, mahali pa biashara. Baadaye jina la nchi likahamia mjini, na nchi ikabaki na jina la sheria yake.

---

DadaWaTanga

Asante kaka kwa uzi. Nimefundisha Kiswahili sekondari, na hii inanikumbusha jinsi sisi tunavyopata Usukuma kutoka Wasukuma, Uzaramo kutoka Wazaramo. Watu kwanza, nchi baadaye. Je, mikoa mingine ya Norwei nayo iko hivyo? Na Watrønder wenyewe jina lao linatokana na nini?

---

MzeeWaRamani

Dada, shikamoo kwanza, maana mwalimu ni mwalimu.

Ndiyo, mengi yako hivyo, na ni makongwe. Rogaland ni nchi ya Waryger. Hordaland, ambayo tangu 2020 imeunganishwa ndani ya mkoa wa Vestland, ni nchi ya Wahord. Mwandishi Jordanes katika karne ya 6, akiandika kwa Kilatini akiwa mbali kabisa na huko, anataja makabila ya Skandinavia, na ndani ya orodha yake wamo Rugi na Arochi, ambao wataalamu wanawaona kuwa ndio hao wa Rogaland na Hordaland. Ila tazama kipande cha mwisho. Kwa wengine ni land, nchi. Romerike na Ringerike wana rike, himaya. Telemark na Finnmark wana mark, pori au nchi ya mpakani. Katika majina ya mikoa ya leo, mwenye sheria ni Trøndelag peke yake.

Kuhusu jina la watu wenyewe, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba linatokana na kitenzi þróask, kukua, kustawi. Þróndr ni umbo la kitenzi hicho linalomtaja mtendaji: anayekua, anayestawi. Watu wa ustawi, au watu wenye nguvu. Kuna ushahidi mzuri wa umbo hilo nje ya Norwei kabisa. Kuna shairi la Kiingereza cha kale linaloitwa Widsith, ambamo mshairi msafiri anataja mataifa aliyokaa nayo, na mojawapo analiandika þrowendum. Hiyo "-end-" ya katikati ndiyo alama ya mtendaji, bado haijamezwa. Ukiiona pale unaelewa kwamba Þrónd ni neno lililofupika kwa kutumiwa sana.

Na ukiiangalia ardhi yenyewe, jina linakaa. Kando ya fjordi hiyo kuna mashamba mapana ya nafaka. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ni mwamba na milima, na kwa umbali ule wa kaskazini, hilo ni jambo kubwa. Siwezi kuapa kwamba waliitwa hivyo kwa sababu ya shayiri. Lakini watu waliostawi walikuwa hapo.

---

Mpita_Njia

Mleta uzi, sheria ipi hasa unayoisema? Au ni neno tu la kupamba? Maana kila kabila lina mila na desturi zake. Kuna kitu gani cha pekee hapo hadi eneo zima lichukue jina?

---

MzeeWaRamani

Swali la haki kabisa, mkuu, na ndilo lililonifanya nilipende jina hili.

Sheria ni ya Frostating. Frosta ni rasi inayochomoza katikati ya fjordi. Ting ni baraza la watu huru, na bunge la Norwei hadi leo linaitwa Storting, baraza kuu. Watu walifika Frosta kwa mashua kutoka pande zote za fjordi: ukiwa na kasia na upepo mzuri, rasi ile ndiyo mahali ambapo mtu wa kusini na mtu wa kaskazini wanakutana bila mmoja kuonewa na umbali.

Watrønder waligawanyika katika fylki nane. Nne za ndani ya fjordi: Eynafylki, Sparbyggjafylki, Verdælafylki na Skeynafylki. Nne za nje: Strindafylki, Stjórdælafylki, Gauldælafylki na Orkdælafylki. Ukisoma ramani ya leo bado unayaona: Stjørdal, Verdal, Gauldal, Orkdal. Na fylki lenyewe linatokana na folk, watu. Ndilo neno ambalo serikali ya Norwei inalitumia hadi sasa kwa mkoa, fylke.

Fylki nane, kila moja na wakubwa wake na bonde lake. Kilichowaunganisha ni kwamba wote walikwenda Frosta na kukubali sheria moja. Ndiyo maana jina la muungano wao ni la sheria.

Sasa sheria hiyo ilikuwa na meno kiasi gani? Imebaki kwa maandishi katika hali yake ya karne ya 13, na ina kifungu kuhusu kuvamia watu nyumbani. Kinasema mtu yeyote asimvamie mwenzake, awe mfalme au mtu mwingine. Mfalme akifanya hivyo, ukatwe mshale wa wito, upelekwe katika fylki zote, watu wamfuate wamuue wakimpata. Akiponyoka, asirudi tena nchini kamwe. Mshale wa wito ndio ilikuwa njia yao ya kuita watu: unapita nyumba hadi nyumba, na anayeupokea ana wajibu wa kuupeleka kwa jirani.

Tafakari hilo. Mfalme ametajwa kwa cheo chake ndani ya sheria, na adhabu yake imeandikwa.

---

Bahari_Kuu

Hiyo ya mfalme imenishtua. Iliwahi kutumika au ilibaki kwenye karatasi?

---

MzeeWaRamani

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha hali ilivyokuwa. Kimeandikwa na Snorri Sturluson wa Iceland katika karne ya 13, karne tatu hivi baada ya tukio, kwa hiyo kisome kama simulizi ya mwanahistoria wa kale na si kama kumbukumbu za kikao.

Mfalme Håkon Mwema alilelewa Uingereza, akarudi Norwei akiwa Mkristo. Akafika Frostating akawataka wakulima waache miungu yao, wabatizwe, wapumzike siku ya saba. Mkulima mmoja, Asbjørn wa Medalhus, akasimama kumjibu. Alimkumbusha mfalme kwamba wao ndio waliomkubali awe mfalme, na kwamba wanataka kushika sheria waliyokubaliana naye. Akisisitiza jambo lake kwa nguvu, wataachana naye na kumtafuta mfalme mwingine. Baraza zima likamwunga mkono.

Baadaye, kwenye karamu ya sadaka huko Lade, wakulima wakamtaka mfalme ale nyama ya farasi. Akakataa. Akakataa mchuzi, akakataa hata mafuta. Wakakaribia kumshambulia. Mwishowe wakapatana: akafunga kitambaa cha kitani kwenye mpini wa chungu uliokuwa umelowa mvuke wa nyama, akaachama mdomo juu yake, akarudi kitini. Snorri anasema hakuna upande ulioridhika. Majira ya baridi yaliyofuata, huko Mære, alilazimika kula vipande vya ini la farasi.

Huyo ni mfalme wa nchi. Na waliomfanyia hayo ni wakulima waliojiona wana haki, kwa sababu wana lǫg.

---

DadaWaTanga

Kaka, hapo nimeielewa lag kwa njia nyingine kabisa. Swali la mwisho kutoka kwangu: sheria yenyewe iliisha lini, na jina lilipitaje hadi kufika kwetu?

---

MzeeWaRamani

Dada, iliisha kama sheria ya mkoa mwaka 1274, pale mfalme Magnus, aliyeitwa Lagabøte, mrekebishaji wa sheria, alipoleta sheria moja kwa Norwei yote. Na ilipitishwa kwanza papo hapo Frostating. Tazama jina lake la sifa: Lagabøte ina lag ileile.

Baada ya hapo zikaja karne za kutawaliwa na Denmark, na watawala wakapanga mikoa kwa majina yao. Nchi ikawa Trondhjems amt, kwa jina la mji na kwa tahajia ya Kidenmark: hjem badala ya heim. Mwaka 1804 ikagawanywa mara mbili, kusini na kaskazini. Kabla ya mgawanyo huo, mwaka 1658, Denmark ililazimishwa kuikabidhi kwa Uswidi, na mwaka 1660 ikarudishwa. Miaka miwili tu, lakini iliwaumiza watu wa huko vibaya, hasa kwa vijana waliochukuliwa kwenda kupigania Uswidi vita ambavyo si vyao.

Jina la sheria lilirudi rasmi mwaka 1919. Norwei ilikuwa imeshakuwa na mfalme wake tangu 1905, na majina ya mikoa ya Kidenmark yakabadilishwa kwa majina ya kale. Zikapatikana Sør-Trøndelag na Nord-Trøndelag. Tarehe 1 Januari 2018 zikaunganishwa, na sasa ni Trøndelag moja, makao makuu yakiwa Steinkjer ingawa mji mkubwa ni Trondheim.

Mji nao ulipita katika mtihani wake. Bunge liliamua kwamba tangu 1 Januari 1930 urudi kuitwa Nidaros, jina la enzi za maaskofu wakuu. Wenyeji hawakukubali. Waliandamana barabarani. Walitaka Trondhjem yao, jina walilozaliwa nalo. Tarehe 6 Machi 1931 ikapatikana njia ya kati: Trondheim, jina la wenyeji, kwa tahajia ya Kinorwei. Mimi nawapa haki waandamanaji, hata kama waliitetea tahajia ya mtawala. Jina la mji ni la wanaouishi.

---

Mpita_Njia

Mkuu, nimeridhika, na natengua shaka yangu. Ila nimesoma mahali kwamba Wasami, wale wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia, nao wako huko na wana jina lao la mji. Wao wamo wapi kwenye hii sheria ya Watrønder?

---

MzeeWaRamani

Ni kweli, na nilitakiwa niwataje mapema zaidi.

Trøndelag ni sehemu ya nchi ya Wasami wa Kusini. Kwa lugha yao mkoa ni Trööndelage na mji ni Tråante. Masikio yenu yanasikia wenyewe kwamba ni majina yaleyale yaliyopita katika kinywa kingine. Na ni majina rasmi: ukiingia mkoani utaona Trøndelag na Trööndelage, yote mawili. Manispaa ya Snåsa nayo ni Snåase.

Tarehe 6 Februari 1917 Wasami wa Norwei na Uswidi walikutana Trondheim kwenye mkutano wao mkuu wa kwanza wa kuvuka mipaka. Aliyeusukuma zaidi ya wote ni Elsa Laula Renberg, mwanamke wa Kisami wa Kusini. Walijadili malisho ya reindeer, wale kulungu wa nchi za baridi wanaowafuga, shule za watoto wao, na sheria ya ufugaji. Leo 6 Februari ndiyo siku ya taifa ya Wasami wote, wa Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi.

Kwenye baraza la Frosta hawatajwi miongoni mwa zile fylki nane. Lakini mkutano wa 1917 ulikuwa nao ni watu kutoka mabonde mbalimbali wanaokuja mahali pamoja kudai kauli juu ya sheria inayowahusu.

---

Bahari_Kuu

Na Frosta yenyewe leo kuna nini? Bado wanakutana?

---

MzeeWaRamani

Baraza halipo tena Frosta, mkuu. Kuna kanisa la mawe la zama za kati linaloitwa Logtun, na jina hilo nalo lina sheria ndani yake: uwanja wa sheria. Karibu yake kuna Tinghaugen, kilima cha baraza. Kuzunguka kote ni mashamba ya mboga, Frosta inasifika kwa hilo.

Ila jina la baraza halikufa. Norwei ina mahakama sita za rufani, na kadhaa zimechukua majina ya mabaraza ya kale: Gulating, Borgarting, Eidsivating. Ya Trondheim inaitwa Frostating lagmannsrett. Ukikata rufaa leo ukiwa mkazi wa Trøndelag, au wa Møre og Romsdal jirani yake, kesi yako inakwenda Frostating.